Kibarua Kimeota Nyasi, Makaratasi Bado

Mzanzibari aliyeko Marekani kwa viza ya kazi akipewa barua ya kuachishwa, hukatiwa mambo mawili kwa mpigo: mshahara na ruhusa ya kukaa nchini. Mwenzake raia akipunguzwa kazini Ijumaa, Jumatatu anaanza kutafuta kazi nyengine. Yeye Jumatatu anaanza kuhesabu siku. Na kama mwajiri huyo ndiye aliyekuwa akimwombea grini kadi, simu kutoka Mkunazini na Fuoni huanza usiku huohuo. Ami aliyewahi kukaa Dubai atasema rudi nyumbani. Binamu wa Columbus atasema kaa kimya, usimwambie mtu. Rafiki wa rafiki atatuma namba ya wakala "anayejuana na watu".

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepata barua hiyo, na pia wewe uliyeko Unguja unayemtegemea aliyeipata, kwa sababu faili la mmoja humgusa mwenzake. Hauchukui nafasi ya wakili wa uhamiaji. Utakusaidia kufika kwake ukijua la kuuliza, maana mawakili wengi wa Marekani hutoza kwa saa.

Suali la kwanza si "nifanye nini?" Ni "faili langu limefika wapi?"

Grini kadi ya kazi kwa kawaida hupita hatua tatu. Kwanza mwajiri huithibitishia Wizara ya Kazi ya Marekani kwamba ametangaza nafasi na hakupata Mmarekani anayeiweza na aliye tayari kuifanya. Hatua hii huitwa PERM. Pili, mwajiri hupeleka fomu I-140 kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, akisema huyu ndiye nimtakaye na uwezo wa kumlipa ninao. Tatu, wewe mwenyewe hupeleka fomu I-485, kuomba ugeuzwe mkaazi wa kudumu. Wauguzi hawapiti kwenye kutangaziwa nafasi, kwa sababu kanuni zimeshakubali kwamba wauguzi hawatoshi. Wao huanzia hatua ya pili. Sasa angalia nani mwenye kila fomu. Ya kwanza na ya pili ni za mwajiri. Ya tatu ni yako. Karibu kila jawabu linalofuata linatokana na hilo.

Siku sitini

Tangu 17 Januari 2017 kanuni za Marekani humpa mwenye H-1B, na wenye viza chache nyengine za kazi kama L-1 na O-1, muhula wa hadi siku 60 baada ya kazi kukoma. Neno la kushika ni "hadi". Ikiwa I-94, ile rekodi ya kuingia nchini, inakwisha baada ya siku 25, basi una siku 25. Wengi wetu hukwamishwa hapo na paspoti: afisa wa uwanja wa ndege akiona paspoti ya Tanzania inakwisha kabla ya muda wa viza, huandika tarehe ya paspoti, nawe ukapita bila kuangalia. I-94 inasomeka bure kwenye mtandao. Isome leo, hata kama kazi bado unayo.

Hesabu huanza siku inayofuata ile ya mwisho ya kulipwa mshahara wa kazi. Kiinua mgongo hakiirefushi, hata kiwe cha miezi sita. Na ndani ya muhula huo hufanyi kazi yoyote: si ya kuendesha Uber, si ya kubeba boksi ghalani, si ya kumsaidia jamaa dukani kwa pesa za mkononi. Dola mia mbili za Jumamosi zinaweza kuliharibu faili la miaka sita.

Kabla hujakabidhi kompyuta ya ofisi, omba nakala. Unataka barua ya USCIS ya kukubaliwa I-140, maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwenye PERM, hati za mshahara, na barua yenye tarehe halisi ya kuachishwa. Mwajiri halazimiki kukupa kila kitu, kwa kuwa I-140 ni yake. Akikataa, unaweza kuiomba USCIS kwa sheria ya uhuru wa habari, lakini huko huchukua muda ambao huna. Hapo ndipo lugha nzuri na watu wa ofisi ya utumishi inapolipa. Na waombe jambo moja zaidi: wasiiondoe I-140. Sheria inamtaka mwajiri aitaarifu USCIS kwamba kazi ya H-1B imekwisha. Haimlazimishi kuiondoa I-140. Wengine huiondoa kwa mazoea tu, na ombi la adabu linaweza kuwazuia.

Mwajiri akikuachisha mwenyewe kabla muda wa H-1B haujesha, anatakiwa akulipie gharama ya kiasi ya kukurudisha ulikotoka. Yako wewe tu. Mke, watoto na mizigo havimo. Ukijiuzulu, haki hiyo huna. Kwa hiyo ukiambiwa "andika barua ya kujiuzulu, itaonekana vizuri", fikiria kwanza bei ya tiketi ya mpaka Kisauni.

Njia nyepesi kuliko zote ni mwajiri mpya. Akiwasilisha ombi la H-1B kwa jina lako kabla muhula haujesha, unaruhusiwa kuanza kazi kwake mara USCIS inapolipokea, bila kungoja likubaliwe. Hurudi kwenye bahati nasibu ya H-1B, maana ulishahesabiwa. Na ile ada ya dola 100,000 iliyotangazwa Septemba 2025 haimkuti mwajiri anayemhamisha mtu aliye ndani ya nchi na ambaye hadhi yake bado hai; inamkuta anayemwombea mtu aliye nje. Hii ndiyo sababu ya kutokimbilia uwanja wa ndege wiki ya kwanza kwa hasira. Ukishatoka, bei yako machoni mwa mwajiri inaweza kupanda kwa dola laki moja.

Kupokelewa na kujibiwa

Njia za uhamiaji za Marekani ni za namna mbili: zipo zinazokupa haki siku karatasi inapopokelewa, na zipo zinazokupa haki siku inapojibiwa. Zamani tofauti yake ilikuwa miezi. Mtanzania wa sasa huenda asijue mwisho wake.

Tangazo la Rais Donald Trump la 16 Desemba 2025, lililoanza kazi 1 Januari 2026, liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi zilizofungiwa kwa sehemu. Zilizofungwa ni viza za uhamiaji wa kudumu, za matembezi, za masomo na za mabadilishano. Unguja na Pemba zimo. Cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar hakikutoi. H-1B haimo kwenye orodha hiyo ya viza. Mwanzoni mwa Januari hiyohiyo USCIS ikaagiza maombi ya watu wa nchi zilizoongezwa yasitolewe uamuzi mpaka yapitiwe upya. Amri za namna hii hubadilishwa na amri nyengine au na hukumu ya mahakama, kwa hiyo fungua tovuti za USCIS na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani uone siku yako zinasemaje. Lakini ushauri wangu hautegemei tangazo hili tu. Kila unapoelekezwa njia, uliza: hii inanilinda ikishapokelewa, au mpaka ijibiwe? Ikiwa ni mpaka ijibiwe, usiiwekee matumaini ya kodi ya nyumba.

Umefika hatua gani

Ikiwa PERM haijesha, au I-140 haijakubaliwa na I-485 haijapelekwa, usijidanganye: kilichokuwepo kimeondoka na mwajiri. Mwajiri mpya ataanza mwanzo. Huna cha kuokoa kwenye faili la grini kadi, kwa hiyo okoa hadhi yako ya kukaa, na nguvu zote zielekeze kwenye H-1B mpya.

Ikiwa I-140 imekubaliwa, umeshapata kitu chako. Tarehe yako ya foleni, yaani siku faili lilipoanza, unabaki nayo hata ukihamia kwa mwajiri mwengine, ila kama ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kosa kubwa la idara yenyewe. Mwajiri mpya atalazimika kurudia PERM na I-140, lakini wewe husimami mwisho wa mstari. Na kama I-140 imetimiza siku 180 tangu kukubaliwa, mwajiri wa zamani hata akiiondoa, hailali. Inaendelea kukuwezesha kurefushiwa H-1B kupita ile miaka sita ya kawaida. Ndiyo maana nikasema ombeni kwa adabu: mtu aliyeachishwa siku ya 150 anahitaji mwezi mmoja tu wa ukimya wa mwajiri.

Foleni yenyewe hupangwa kwa nchi uliyozaliwa. Uraia hauhusiki, wala asili. Mzanzibari mwenye asili ya Kihindi, mtu wa Kiponda aliyezaliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, anahesabiwa kwa Tanzania, wala hatiwi kwenye foleni ya India ambako watu hukaa zaidi ya miaka kumi. Mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Maskati anahesabiwa kwa Oman. Mke na mume wanaweza kutumia nchi ya mmoja wao, ile yenye foleni fupi. Nimeona wanaojiita "Mhindi" kwa mdomo wakajiweka wenyewe kwenye msiba usio wao.

Ikiwa I-485 imeshapelekwa, mambo ni tofauti kabisa, na hapa watu huogopa bure. Kwanza, kukaa kwako sasa kunasimama juu ya ombi hilo, wala hakutegemei kazi. Zile siku 60 si kamba ya shingoni tena. Pili, ombi likitimiza siku 180 tangu kupokelewa, na I-140 yake ikiwa imekubaliwa au inastahiki kukubaliwa, unaweza kuhamia kwa mwajiri mwengine bila kuanza upya, ilimradi kazi mpya ni ya aina ileile au inayofanana nayo. Unapeleka nyongeza ya fomu hiyo, wanaiita Supplement J, ikiwa na saini ya mwajiri mpya. Mhasibu anaweza kwenda kuwa mkaguzi wa hesabu. Mhasibu hawezi kwenda kuwa meneja wa mkahawa. Hata kujiajiri kunakubalika, ikiwa biashara ni ya kweli na kazi ni ileile.

Tatu, na hili wengi hawalijui: grini kadi ya kazi ni kwa ajili ya kazi ya baadaye. Si lazima uwe kazini kila siku ombi linapongoja. Lazima uwe na nafasi ya kweli ya kazi inayofaa pale linapoamuliwa. Kwa hiyo kama umeshapata kibali cha kazi kinachotokana na I-485, unaweza kubeba boksi miezi minne kwa halali huku unatafuta kazi ya fani yako. Si aibu. Bora mhandisi mwenye kibali ghalani kuliko mhandisi bila kibali ofisini.

Angalia tu tarehe ya kibali hicho. Zamani ukipeleka ombi la kukifanya upya kwa wakati, cha zamani kilijirefusha chenyewe hadi siku 540. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu 30 Oktoba 2025 huruma hiyo imeondolewa kwa walio wengi. Unaruhusiwa kuomba siku 180 kabla hakijesha. Omba siku ya 180, si ya 30.

Aliyeachishwa kabla I-485 haijatimiza siku 180 yuko katikati. Ombi halifi siku hiyo. Lakini mwajiri akiiondoa I-140 kabla ya muda huo, linabaki bila nguzo. Huyu aende kwa wakili wiki hiyohiyo, na kama zile siku 60 za H-1B hazijesha, aihamishe kwa mwajiri mwengine ili awe na pa kusimama pawili.

Msiba nyumbani

Suala hili huharibu mafaili zaidi kuliko kuachishwa kazi. I-485 inangoja, simu inalia saa tisa usiku: mama amefariki, anazikwa leo baada ya Adhuhuri. Mtu anakata tiketi. Ukitoka Marekani huku I-485 inangoja na huna kibali cha kutoka na kurudi, sheria inakuhesabu umeliacha ombi lako. Wenye H-1B au L-1 iliyo hai wana msamaha wao, lakini wewe umeachishwa, H-1B yako haiko hai tena. Msamaha umekwenda na kazi.

Maziko yetu hayangoji. Kwa ndege za kuunganisha Doha au Istanbul hufiki mazikoni hata ukitoka saa hiyohiyo. Unafika kwenye hitma. Najua nasema jambo zito, lakini lisemwe mapema, kabla ya msiba, baina yako na ndugu zako: nani atasimamia, nani atashuka kaburini, na wewe utaomba dua kutoka uliko mpaka kibali kitoke. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, na kwa dharura kama kifo au ugonjwa mkubwa ofisi za USCIS za mikoani huweza kukitoa kwa miadi, ukiwa na ushahidi. Ushahidi wenyewe utatoka Unguja: cheti cha kifo au barua ya hospitali, yenye jina la marehemu linalolingana na lile lililo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Na hata ukikipata, tangu matangazo ya 2025 usipande ndege bila wakili kuliangalia faili lako kwanza.

Njia za pembeni

Kuna wanaokwambia badili uwe na viza ya matembezi, B-2, upate muda. Ukipeleka fomu I-539 ndani ya muhula wa siku 60, unahesabiwa uko katika ukaazi ulioruhusiwa wakati inangoja. Kutafuta kazi na kufanyiwa usaili kunaruhusiwa. Lakini kufanya kazi hapana, na mwajiri akipatikana baada ya siku 60 hutaanza siku ombi linapopokelewa, utangoja jibu. Kwa ile hesabu yangu ya kupokelewa na kujibiwa, B-2 inalinda usihesabiwe umezidisha muda, haikulishi. Itumie kufunga nyumba, kumaliza muhula wa skuli wa watoto, kuuza gari. Si mpango wa mwaka.

Mke au mume mwenye H-1B yake anaweza kukuchukua chini yake kwa H-4. Hiyo ni njia nzuri na watu huisahau kwa kiburi, hasa wanaume. Kurudi chuoni kwa F-1 kunataka ada na ushahidi wa fedha, na kunangoja jibu. Kipo pia kibali cha kazi cha mwaka mmoja kwa mwenye I-140 iliyokubaliwa ambaye foleni yake haijafika na anayeweza kuonyesha shida kubwa isiyo ya kawaida. Kukosa mshahara peke yake kwa kawaida hakutoshi. Ndoa ya karatasi usiiguse. Ikigundulika, sheria inafunga mlango wa kuombewa na yeyote maisha.

Na kukaa kimya, ushauri wa yule binamu? Ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha ukatoka, unazuiwa kurudi miaka 3. Ukipitisha mwaka, miaka 10. Kinyume chake, sheria ya grini kadi za kazi ina huruma ndogo: aliyeteleza nje ya hadhi kwa jumla isiyozidi siku 180 tangu kuingia kwake mara ya mwisho bado anaweza kukubaliwa I-485. Ni mlango wa dharura. Usiupangie safari.

Wewe unayengoja Unguja

Kwa familia nyingi za Mji Mkongwe na mashamba, habari ya kazi hufika kwa njia nyengine: mume yuko Minneapolis na grini kadi yake au uraia, mke yuko Bububu, ombi la ndoa limeshapelekwa, kisha mume anaachishwa. Je, ombi limekufa? Hapana. Fomu ya kumwombea jamaa, I-130, haiulizi mshahara. Nafasi kwenye mstari inabaki. Kinachotikisika ni fomu ya udhamini, I-864, ambayo huja mwishoni, na ambayo humtaka mdhamini aonyeshe kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa hesabu ya 2025, kaya ya watu wawili ilihitaji kama dola 26,400 kwa mwaka.

Asiyefika hapo ana njia tatu. Anaweza kuhesabu kipato cha jamaa anayeishi naye nyumba moja. Anaweza kupata mdhamini wa pamoja, raia au mwenye grini kadi anayeishi Marekani. Au anaweza kuonyesha mali: kwa mume au mke wa raia, mara tatu ya pengo, kwa wengi wengine, mara tano. Nyumba ya Unguja inaweza kuhesabiwa ikiwa inauzika na fedha yake kupatikana ndani ya mwaka. Hapo ndipo nyumba nyingi za mjini zinapoanguka. Nyumba ya wakfu haiuziki. Nyumba ya urithi ambayo ndugu tisa hawajagawana nayo, kwa maana ya fomu hii, si yako.

Kabla hujamwomba mjomba wa Ohio atie saini, mwambie anachotia. Dhamana ile ni mkataba, na huisha pale mdhaminiwa anapokuwa raia, au anapotimiza robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au anapohama Marekani moja kwa moja na kuiacha grini kadi, au anapofariki. Talaka haiimalizi. Mume anaweza kutoa talaka tatu na eda ikaisha, na mjomba bado akawa mdhamini wa mke asiye tena wa mpwa wake.

Kwa sasa, tangazo la Desemba 2025 halikuwaacha nje hata wake na waume wa raia. Hilo si sababu ya kulilaza faili. Mafaili yaliyo kamili ndiyo yatakayosogea kwanza siku mlango ukifunguliwa, na kazi ya kuyakamilisha iko kwako wewe uliyeko nyumbani. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vya Zanzibar viko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018. Angalia majina kwa jicho kali. Khamis na Hamisi ni mtu mmoja barazani, ni watu wawili mbele ya afisa wa viza. Othman na Uthman vivyo hivyo. Angalia pia kama jina la babu liko kwenye paspoti na halipo kwenye cheti, maana Marekani jina la mwisho ndilo la ukoo. Rekebisha sasa, au pata kiapo, wakati hakuna anayekuharakisha. Kila cheti cha Kiswahili kinachokwenda USCIS kiende na tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye saini ya mfasiri anayethibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili.

Usaili wa viza uko Dar es Salaam. Marekani ilikuwa na konseli wake hapa Unguja tangu 1837, miaka minne baada ya mkataba na Sayyid Said, ikafunga ofisi 1979. Tangu hapo ni boti ya Malindi. Mtu yeyote mjini anayejitangaza kuwa "ofisi ya grini kadi" hana mamlaka ya kukupa chochote, na fomu za USCIS hupakuliwa bila malipo.

Ukiamua kurudi

Kurudi ni uamuzi kama uamuzi mwengine, na kwa aliyepoteza kazi kwenye hatua ya PERM mara nyengine ndio wa busara zaidi. Wewe ni Mtanzania bado. Huhitaji kibali kuingia, kufanya kazi wala kumiliki nyumba. Mtoto aliyezaliwa Marekani akiingia kwa paspoti ya Marekani, viza yake ni dola 100, na bima ya lazima ya wageni Zanzibar iliyoanza 1 Oktoba 2024 itamhusu. Mtoto huyo ni Mtanzania pia kwa kurithi ikiwa mzazi wake ni Mtanzania wa kuzaliwa, kwa hiyo mchukulie paspoti yetu ubalozini Washington kabla hamjaondoka. Uraia pacha kwa mtu mzima sheria yetu haiukubali. Hilo atalikabili akifika miaka 18.

Akiba ya uzeeni ya 401(k) usiivunje kwa pupa. Kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida kuna adhabu ya asilimia 10, na ukiitoa ukiwa umeshakuwa mkaazi wa nje, kwa kawaida hukatwa kodi asilimia 30 papo hapo, kwa kuwa Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato. Inaweza kukaa hukohuko mpaka wakati wake.

Na ikiwa I-140 yako ilikubaliwa, kuondoka hakuiui. Tarehe yako ya foleni inabaki kuwa yako, na mwajiri mwengine akikuombea baada ya miaka mitano utaidai. Lakini utaidai kwa karatasi. Barua ya kukubaliwa I-140 isibaki kwenye droo ya nyumba unayomrudishia mwenyewe. Itie kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na paspoti, na nakala yake umtumie mtu wa nyumbani kabla hujapanda ndege.